Kilichokuwa Ndani ya Nta

Kabula mwanangu,

Umekwenda kigangoni kuwaaga wenzako wa kwaya, na baba yako yuko zizini, kwa hiyo nyumba ni yangu mpaka jua litakaposhuka. Kesho alfajiri lori la ushirika litakuchukua mpaka Malampaka ukapande treni. Mambo ya kufua, ya kula na ya kuchagua marafiki shangazi yako alikwambia yote jana, akayarudia. Mimi sitayagusa. Nina jambo moja tu, na mwandiko wangu wa darasa la watu wazima unauona ulivyo, nenda nao polepole.

Juzi uliniuliza, tukiwa tunapepeta mtama, "Mama, bibi alikuwa anatiaje harufu kwenye nta? Nikishakuwa mwalimu nataka wanafunzi wangu watengeneze mapambo ya Noeli kama yale." Nikakujibu, "Sijui." Ukanitazama kidogo, ukaendelea kupepeta. Neno hilo moja niliwahi kulisema zamani, mbele ya watu wengi, na tangu siku ile sijalala usingizi wa kweli mvua za Desemba zinapoanza.

Najua sana alivyokuwa anatia harufu. Nilikuwa natwanga mimi.

Ngoja nikueleze vizuri, maana kazi hii ni yako kwa haki. Masega yakishakamuliwa asali, bibi yako Nkwimba aliyachemsha kwenye maji, akachuja kwa kipande cha gunia, akaacha yapoe usiku kucha. Asubuhi nta inakuwa imeganda juu kama ukoko, ya manjano, na uchafu umebaki chini. Nta hiyo hakuiweka motoni moja kwa moja hata siku moja. Aliiweka kwenye kijungu, na kijungu akakitia ndani ya sufuria yenye maji, ili iyeyuke taratibu. Ikiungua inanuka kama nywele na hakuna cha kuitengeneza tena. Kisha ndipo vilipoingia vile vitu: karafuu iliyotwangwa mpaka ikawa vumbi, tuliyoinunua kwa mzee Salumu pale Bariadi, maganda ya limao yaliyokaushwa, na kivumbasi kilichoanikwa kivulini, siyo juani, maana jua linakula harufu. Basi. Vitu vitatu. Anakoroga kwa kijiti, anaonja harufu kwa kufumba macho, anasema, "Bado, Minza. Ongeza limao."

Alikuwa na vibao vya mninga alivyochongewa na babu yako, vimechimbwa umbo la nyota, la ndege, la ng'ombe mwenye pembe ndefu. Anavilowesha kwa maji ya sabuni ili nta isishikamane navyo, anamimina, na kabla haijakaza anachomeka uzi wa pamba aliousokota mwenyewe pajani. Noeli ikifika, kanisa la kigango linawekewa tawi kubwa la mgunga, na mapambo yananing'inizwa kwenye miiba. Joto la mchana likiingia nta inalainika kidogo na kanisa zima linanukia. Watoto walikuwa wanasinzia kwenye mahubiri kwa sababu ya harufu ile. Wewe ulikuwa mmoja wao.

Sasa umejua. Ningeweza kuishia hapo na ungesafiri kwa furaha. Lakini nimeanza.

Ulikuwa mtoto tulipohamishwa. Kule tulikotoka nyumba zilikuwa mbalimbali, kila mtu na mji wake na ng'ombe wake, jirani unamwona kwa moshi. Huku kijijini tukapangwa mistari. Upande wetu wa kushoto akawekwa Mama Limi na mumewe, watu waliotoka upande wa Sola ambao hatukuwahi kuwaona. Hawakuwa wabaya, wala sisi hatukuwa wabaya. Tulikuwa hatujuani tu, na kuta zilikuwa karibu. Mtu akikohoa usiku wewe unasikia, na unaanza kujiuliza anakohoa nini.

Bibi yako macho yake yalikuwa mekundu. Unayakumbuka? Miaka arobaini ya moshi wa kinyesi cha ng'ombe na mvuke wa nta. Kule kwetu wote walijua ni moshi. Huku niliwasikia wanawake kisimani wakinyamaza anapofika kuteka maji. Nilidhani ni ugeni. Nilidhani wakimzoea wataacha. Yeye alidhani akiwapa mapambo watamzoea, kwa hiyo mwaka ule wa kwanza akatengeneza mengi kuliko yote, akapita mstari mzima, nyumba hata nyumba, anampa kila mtoto moja. Limi alipata ndege. Alikuwa na miaka mitatu hivi, mwembamba, anacheka ovyo. Siku nzima alikuwa na ndege yule mdomoni, anamtafuna mkia.

Siku moja baada ya Noeli shangazi yako alijifungua, ukapelekwa kwake kumsaidia. Ndiyo maana hukuona. Baba yako alikuwa bado Malampaka stesheni, anapakia marobota ya pamba. Nyumbani tulibaki wawili, mimi na bibi yako, na mimba ya mdogo wako Mabula ilikuwa ya miezi saba.

Jioni ile uliyoondoka, tulisikia Limi ana homa ya siku kadhaa. Kesho yake alikufa.

Mkutano uliitwa siku iliyofuata mazishi, nje ya ghala la pamba. Mwenyekiti wa kijiji hakutaka uitwe, hilo nimwandikie haki yake, lakini watu walikuja wenyewe na ikabidi asimame mbele yao. Walimweka bibi yako juu ya gunia katikati. Mtu mmoja akamwinua yule ndege wa nta, mkia umetafunwa, akasema, "Amekula hiki. Mtoto amekula hiki siku tatu, akafa." Watu wakaguna. Mwingine akasema, "Mtazameni macho. Mchawi huyu."

Bibi yako alisema ni nta tu, na karafuu, na limao, na kivumbasi. Wakacheka. Nani ataamini maneno ya mshitakiwa? Ndipo mwenyekiti akanigeukia mimi. Naona hata sasa alitaka kutusaidia.

"Mama Kabula, wewe ndiye unayekaa naye. Ulikuwepo akitengeneza. Alitia nini kwenye nta?"

Mwanangu, lilikuwa swali jepesi kuliko maswali yote niliyowahi kuulizwa. Mikono yangu ilikuwa bado inanukia karafuu. Lakini kabla sijafungua mdomo kijana mmoja nyuma yangu akasema kwa sauti ndogo, "Au walitengeneza pamoja?" Mabula akanipiga teke tumboni. Nikaona gunia lile lina nafasi ya mtu wa pili.

Nikasema, "Sijui."

Bibi yako alinitazama. Sikuona hasira. Alikuwa kama mtu aliyeitwa jina lisilo lake, anasubiri lirekebishwe. Nikainamisha kichwa.

Hawakumpiga. Mwenyekiti alisimama mbele yake mpaka watu wakatawanyika, akamwambia ni afadhali aondoke kwa muda, mpaka mioyo ipoe. Asubuhi alifunga kanga yake, akachukua kisu, kijungu, vibao vyake na ngozi ya kulalia. Aliniambia mlangoni, mbele ya waliokuwa wanatazama, "Nakwenda Nassa kwa watoto wa kaka yangu." Nikamjibu, "Haya, mayu." Nilimwita mayu kama mama aliyenizaa, tangu nilipoolewa. Nikasimama nikamtazama mpaka mwisho wa mstari wa nyumba. Njia ya Nassa inakwenda kulia. Yeye alikata kushoto, njia ya mahame yetu, kule tulikotoka, ambako mizinga yake ilikuwa bado imetundikwa mitini.

Niliona, Kabula. Kwa macho yangu.

Siku ya nne tangu aondoke, baba yako akarudi. Alikuwa amekuletea kitambaa, akakiweka kitandani, akauliza, "Mama yuko wapi?" Nikamweleza habari ya mtoto, na mkutano, na kuondoka kwake. Neno langu sikumweleza, wala hakuna jirani aliyewahi kumtajia mkutano ule. Akauliza, "Amekwenda wapi?" Nikasema, "Alisema anakwenda Nassa." Nilimpa maneno ya mdomo wa mama yake, nikaficha niliyoyaona. Nilifikiri hivi: akienda mahameni leo atamkuta, na kitu cha kwanza atakachoambiwa ni kwamba mkewe alisema hajui. Nilitaka siku chache tu. Nilitaka niende mimi kwanza nimwombe radhi, halafu mengine yapangike.

Akapanda baiskeli siku ileile.

Kesho yake nilikwenda mahameni, nikajidai natafuta kuni. Nyumba zilikuwa bila mapaa, majani yameota hata kwenye vizingiti. Jiko letu lilikuwa limebaki nusu paa, na ndani yake alikuwa amekaa, amewasha moto mdogo.

Nikamsalimu, "Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka. Umetembea na tumbo lote hilo?"

Akanisogezea ngozi nikae. Akanipa sega la asali kwenye jani. Tulikula. Kisha akasema, bila kunitazama, "Ulisema hujui."

"Nilisema, mayu."

"Ulikuwa unatwanga wewe."

"Ndiyo."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayehakikisha hesabu ya ng'ombe. "Basi rudi ukaseme. Kwa Mama Limi kwanza, halafu kwa mwenyekiti. Ukishasema nitumie mtu, nitakuja hata kwa kutambaa. Lakini mwanangu Shija asije kunichukua kabla. Akinirudisha kwa nguvu watatuua wote wawili, mimi na yeye."

Nikaapa. Nilimshika miguu, nikaapa.

Kesho yake asubuhi nilifika mpaka mlangoni kwa Mama Limi. Alikuwa amekaa chini, amenyoa kichwa, ameshika kibuyu cha mtoto. Aliinua macho, akasema, "Karibu." Nikasema nimekuja kuazima kinu. Nikaondoka na kinu.

Siku ya pili nikajiambia, kesho. Siku ya tatu mvua ikaanza, mvua ile kubwa unayoisikia watu wakiitaja, mto ukafurika, na nikafurahi. Sikufichi kitu leo: nilifurahi kwa sababu mvua ilinipa udhuru. Nililala nikisikiliza maji na nikawaza paa lile nusu, halafu nikajigeuza upande wa pili.

Baba yako alirudi siku ya tisa, baiskeli begani, matope mpaka kifuani. "Hayuko Nassa," akasema. "Hakufika. Hakuna aliyemwona." Akakaa chini pale pale akalia, mtu mzima. Ndipo nikasema. Lakini hata pale sikusema ukweli wote. Nikasema wachungaji wa ng'ombe walipita wakaniambia wameona moshi mahameni.

Mto ulikuwa umeanza kupungua. Tulivuka tumeshikana mikono. Alikuwa amelala ubavu juu ya ngozi, upande ule wa jiko uliobaki mkavu, na moto ulikuwa umezimika zamani. Baba yako alisema amekufa siku mbili au tatu kabla. Alichimba mwenyewe. Vile vibao vya mninga alivizika naye, vyote, kwa hiyo wewe itabidi uchongeshe vingine. Alipomaliza kufukia, akaegemea jembe, akasema, "Ningekuja huku kwanza. Kwa nini sikuja huku kwanza?"

Nami nikanyamaza.

Kila mwaka mvua zikianza analisema tena. Umewahi kumsikia, ukadhani anazungumza habari za ng'ombe au shamba. "Ningekwenda kule kwanza." Miaka minane amebeba mzigo wangu, na mimi namwekea ugali mezani.

Nikuambie na hili, uamue mwenyewe kama mama yako ana akili. Nyumba hii haijaingia nta tangu wakati ule. Lakini Desemba, mvua ya kwanza ikipiga vumbi, harufu inakuja. Karafuu kwanza, halafu limao. Nafagia, napiga lipu upya, nafungua dirisha, inakaa siku mbili au tatu. Mwaka juzi baba yako aliinua kichwa akila, akauliza, "Nani anayeyeyusha nta?" Nikamwambia hakuna. Akasema, "Aa," akaendelea kula. Sisemi ni kitu gani. Naandika ninachokisikia.

Na ile siku uliporudi na bonge la nta ulilopewa shuleni, ulikuwa na miaka kumi na miwili, ukaniambia utamtengenezea Mabula ndege. Nikakunyang'anya nikalitupa chooni, nikakuchapa, na hukujua kosa lako. Hukuwa na kosa. Nakuomba radhi kwa fimbo zile. Zilikuwa zangu.

Juzi baada ya kukujibu lile neno mara ya pili, niliona nitalisema mpaka kaburini. Leo asubuhi nilikwenda kwa Mama Limi. Alikuwa anamenya karanga. Nikakaa, nikachukua zangu, nikaanza kumenya naye, na kabla sijapoteza ujasiri nikasema, "Ilikuwa karafuu, maganda ya limao na kivumbasi. Nilitwanga mimi. Hakukuwa na kitu kingine."

Hakuacha kumenya. Akasema, "Najua."

"Unajua vipi?"

"Ilikuwa surua. Mganga wa zahanati aliniambia siku ileile tulipompeleka. Alisema, mama, mngemleta mapema." Akapuliza maganda. "Siku ya mkutano nilikuwa najua."

"Mbona hukusema?"

"Na wewe mbona hukusema?"

Tukaendelea kumenya. Kuku alikuja akadonoa karanga zetu na hakuna aliyemfukuza. Baadaye Mama Limi akasema, sauti yake imekwisha kabisa, "Kama siyo yule bibi, basi ni mimi niliyechelewa. Nilitaka awe yule bibi."

Nilimshika mkono, tukamaliza karanga. Tumekubaliana Jumapili baada ya ibada tutasimama wote wawili tuseme mbele ya watu. Wengi wa waliokuwepo wapo bado. Sijui watatufanya nini.

Wewe unakwenda kuwa mwalimu. Utaitwa kwenye mikutano, utaulizwa mambo, maana watu humtazama mwalimu. Sikuagizi kitu. Nakueleza tu jinsi ilivyokuwa kwangu: sikuwa na uamuzi mkubwa wa kufanya. Lilikuwa swali dogo, mchana, watu wakitazama, na nilidhani nitalijibu vizuri kesho.

Nimeacha kalamu hapa nikaenda zizini. Sasa nimerudi, nataka uyapate kutoka kwangu.

Baba yako alikuwa anafunga sanduku lako kwenye baiskeli, kujaribu kama litakaa mpaka barabarani. Nilimweleza yote, tangu neno la mkutanoni hadi wachungaji ambao hawakuwapo. Aliendelea kukaza kamba mpaka niliponyamaza. Nilingoja anipige. Alisema, "Ulimkuta hai."

"Ndiyo."

"Alikuwa na chakula?"

"Alikuwa na asali. Alinipa na mimi."

"Alisema nini juu yangu?"

"Alisema usije kumchukua, wasije wakakuua."

Akaweka mkono juu ya tandiko. Kisha akafungua kamba za sanduku, akaliteremsha taratibu kama lina mayai, akageuza baiskeli. Nikamuuliza anakwenda wapi. Akasema, "Kwa mama." Akasema pia, akiwa tayari amepanda, "Kabula asiondoke bila kuniona." Amekata kushoto mwisho wa mstari wa nyumba, njia ya mahame.

Kwa hiyo ukifika utalikuta sanduku mlangoni na kamba juu yake. Usilifunge. Tutamsubiri.

Mama yako,
Minza